Mapitio ya mafunzo ya CIT: saa 40 ambazo idara ndogo za polisi Marekani huchangia darasa moja

Familia yenye mgonjwa wa akili nchini Marekani, hali ikichafuka usiku wa manane, hupiga 911. Anayefika mlangoni kwa kawaida ni askari wa doria, si daktari. Umbali atakaosimama, sauti atakayotumia na neno la kwanza litakalomtoka hutegemea sana alichofundishwa baada ya kumaliza chuo cha polisi. Kozi inayotajwa zaidi kwa kazi hiyo ni CIT, yaani mafunzo ya kumkabili mtu aliyepatwa na dharura ya akili. Ni saa 40 kwa siku tano, na wanaofundisha si polisi peke yao: wamo wauguzi, wanasaikolojia, familia za wagonjwa, na wagonjwa waliopata nafuu.

Idara ndogo haiwezi kuendesha kozi ya namna hii kwa nguvu zake. Marekani ina takriban vyombo 18,000 vya polisi, na karibu nusu ya idara za polisi za miji zina askari wasiofika kumi. Kwa hiyo mji mmoja huleta askari wawili, jirani watatu, ofisi ya sherifu wa kaunti wanne, polisi wa chuo kikuu mmoja, na darasa linajaa. Tunayoyapitia hapa ni mafunzo hayo ya kuchangia, kwa ajili ya Waswahili wa Louisville, Dayton, Portland ya Maine na kwingineko wanaoalikwa kwenye kamati za ushauri za polisi, wakalimani, wahudumu wa afya, na askari wenyewe wanaozungumza Kiswahili.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Darasa ni zuri, na maigizo yake yakiendeshwa vizuri ni miongoni mwa mafunzo bora ambayo askari wa doria anaweza kupata akiwa kazini. Lakini CIT haikubuniwa kama darasa. Ilibuniwa kama makubaliano kati ya polisi, kituo cha simu za dharura na hospitali, na idara inayochukua saa 40 ikaacha hayo mengine itapata matokeo hafifu.

Chanzo chake kinaeleza kwa nini. Septemba 1987 huko Memphis, Tennessee, mama mmoja aliwaita polisi wamsaidie kijana wake wa miaka 27 aliyekuwa anajikata kwa kisu. Polisi walifika, wakampiga risasi, akafa. Mwaka uliofuata, 1988, mji ulikaa na tawi la NAMI, jumuiya ya familia za wagonjwa wa akili, pamoja na Chuo Kikuu cha Memphis na Chuo Kikuu cha Tennessee. Sam Cochran aliongoza upande wa polisi, na mwanasaikolojia Randolph Dupont akasimamia upande wa mafunzo. Walichojenga kilikuwa na miguu mitatu kwa mpigo: askari waliojitolea na kuchujwa, wapokea simu wanaojua wamtume nani, na hospitali isiyomrudisha mgonjwa aliyeletwa na polisi. Leo kituo cha CIT cha Chuo Kikuu cha Memphis kinahesabu programu zaidi ya 2,700 zinazotumia jina hilo. Zilizo na miguu yote mitatu ni chache kuliko hizo.

Uzito wa saa 40 unaonekana ukizilinganisha na za chuoni. PERF, taasisi ya utafiti ya wakuu wa polisi iliyoko Washington, ilizihoji idara 281 mwaka 2015. Kuruta wa kawaida alipata saa 58 za kulenga shabaha na 49 za mbinu za kujihami. Za kutuliza hali zilikuwa 8, na za kushughulikia dharura za akili nazo 8. Askari anayeingia CIT ana wiki moja ya kurekebisha mizani hiyo.

Siku tano zinavyokwenda

Siku ya kwanza ni ya magonjwa, dawa na sheria: skizofrenia, baipola, sonona, na masharti ya jimbo ya kumlaza mtu hospitali bila ridhaa yake. Mwalimu mzuri habanduki kwenye kile ambacho askari atakiona mlangoni. Anaeleza kwamba mtu anayesikia sauti kichwani huchelewa kujibu kwa sababu anachuja sauti kadhaa pamoja na ya askari, na kwamba amri ileile ikirudiwa kwa ukali zaidi humwongezea kelele tu. Anaonyesha chupa ya dawa na kufundisha kusoma vitu vitatu: jina la dawa, tarehe iliyotolewa, na vidonge vilivyobaki. Chupa ya vidonge 30 iliyotolewa wiki sita zilizopita ikiwa bado imejaa inaonyesha kuwa huenda mtu ameacha dawa. Iliyotolewa jana ikiwa tupu ni dharura ya sumu, na gari la wagonjwa liitwe mara moja.

Mwalimu asiyefaa ni yule anayeleta slaidi 90 kuhusu kemia ya ubongo. Hili hutokea mara nyingi kwenye madarasa ya kuchangia, kwa sababu walimu wa afya hujitolea bila malipo na mratibu huona haya kuwapunguzia muda. Asione haya. Saa 2 za magonjwa zilizofungwa kwenye mifano ya mtaani zina faida kuliko saa 5 za nadharia.

Siku ya pili huwa ya watu. Darasa linagawanywa vikundi vya watu watano au sita, wanakwenda kliniki, nyumba za makazi ya wagonjwa, au kituo cha mchana, na kukaa kuzungumza nao. Ziara inayofaa ina kiti na chai. Ile ya kupita korido ukionyeshwa milango haina maana. Jopo la familia huja siku hiyo au ya tatu, na ni kosa kulisogeza hadi Ijumaa mchana. Mzazi anayesimulia jinsi mwanawe alivyofungwa pingu mbele ya majirani hubadilisha jinsi askari anavyosikiliza masomo yote yanayofuata, kwa hiyo atangulie maigizo.

Madarasa mengi huwa pia na zoezi la hedifoni lililotungwa na Patricia Deegan, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe aliambiwa ana skizofrenia akiwa kijana. Askari anavaa hedifoni zinazomtukana na kumnong'oneza, huku akitakiwa kujaza fomu, kujibu maswali ya mhudumu dirishani, au kufanya hesabu ndogo. Zoezi linahitaji muda wa kutosha na mazungumzo marefu baada yake. Likibanwa kuwa dakika tano za kuonjeshana, humwachia mtu hofu ya wagonjwa badala ya kuwaelewa. Tungelifuta kabisa kuliko kulifupisha.

Kisha yanakuja mada za kujiua, usonji, watu wazima waliopoteza kumbukumbu, dawa za kulevya na wanajeshi wastaafu. Kwenye kujiua, jambo moja lifundishwe hadi limkae askari mdomoni: uliza waziwazi, «Unafikiria kujiua?» Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Askari wengi huzungukazunguka na maswali kama «Uko sawa?», na aliye hatarini hujibu ndiyo, yuko sawa.

Maigizo ndiyo kozi yenyewe

Sehemu ya kutuliza hali huchukua kati ya saa 10 na 16 na hapo ndipo darasa zuri linapoachana na la kubabaisha. Mafundisho yake si ya siri. Askari aanze kwa jina lake, kazi yake na nia yake: naitwa fulani, ni askari wa CIT, nimekuja kusaidia, wewe unaitwa nani? Asubiri jibu. Mmoja tu ndiye anayezungumza, mwenzake analinda na kunyamaza, kwa sababu amri kutoka midomo miwili humchanganya mtu. Arudishe alichosikia: «Naona umechoka, na hujalala siku tatu.» Asibishane na anachoamini mgonjwa wala asikikubali, anaweza kusema, «Mimi sizisikii hizo sauti, ila naona zinakutesa.» Asiahidi asichoweza kutimiza, hasa ile ahadi rahisi ya kwamba hatapelekwa hospitali.

Kuyajua hayo ni kazi ya nusu saa. Kuyafanya mbele ya mtu anayepiga kelele kunahitaji kurudia, na kurudia ni suala la hesabu. Tuseme kila igizo ni dakika 10 na maoni dakika 10. Askari 30 kwenye chumba kimoja watahitaji saa 10 ili kila mmoja apite mara moja tu. Kwenye vyumba vitatu, duru moja ni saa 3 na dakika 20, na siku mbili za mchana zinatosha duru tatu. Kwa hiyo ukiona darasa lina watu 45 na chumba kimoja, jua kwamba wengi wao watatazama tu. Wasizidi 30; chini ya 25 ni bora zaidi.

Waigizaji wasiwe askari wenzao. Askari anajua jibu linalotakiwa na humsaidia rafiki yake, ama huzidisha vurugu mpaka darasa licheke. Wahudumu wa afya na wanafunzi wa sanaa za jukwaani hufanya kazi nzuri, mradi wapewe maelekezo yenye vizingiti: askari akikaribia hadi urefu wa mkono, simama na piga kelele, akikuuliza jina na kunyamaza, keti, akikugusa bila kukuambia, rudi mwanzo. Bila vizingiti hivyo mwigizaji hutulia akichoka, na askari huondoka akidhani maneno yake ndiyo yaliyofanya kazi.

Na silaha zote za kweli zifungiwe nje ya jengo la maigizo. Watu wawili tofauti wamkague kila anayeingia, kila anaporudi, hata kama ametoka kwenda chooni. Ratiba ikibana, hiki ndicho kitu cha mwisho cha kupunguza.

Hesabu ya zamu, na kwa nini majirani wanahitajiana

Mwongozo wa Memphis unasema asilimia 20 hadi 25 ya askari wa doria wawe na CIT. Kampeni ya One Mind ya jumuiya ya kimataifa ya wakuu wa polisi, IACP, nayo inataka angalau asilimia 20 wapite CIT, na askari wote wapate kozi fupi ya huduma ya kwanza ya afya ya akili. Kwa jiji lenye askari mamia, asilimia 20 inatosha. Kwa mji mdogo haitoshi, na hapa ndipo mameya wengi wanapopotezwa na takwimu.

Wiki ina saa 168. Askari mmoja hufanya saa 40, kwa hiyo kuziba kiti kimoja usiku na mchana kunahitaji askari 4.2. Ongeza likizo, ugonjwa, siku za mahakamani na mafunzo, inakuwa watano au sita. Idara yenye askari 12 wa doria ikipeleka asilimia 20, imepeleka wawili, na wawili hao hata wakifanya kazi bila kupumua watafunika saa 80. Zaidi ya nusu ya wiki hakuna askari wa CIT kazini, na hakuna anayeweza kuiambia familia iugue saa ngapi.

Idara tatu za namna hiyo zikiungana zina askari 36, na asilimia 20 ni saba. Saba wanatosha kiti kimoja saa zote, ila ni kiti kimoja kwa miji mitatu. Ndiyo maana tunashauri idara ndogo ipeleke karibu nusu ya askari wake wa doria, huku ikiandikiana na majirani mkataba wa kuazimana askari. Mkataba huo useme nani anamlipa bima askari akivuka mpaka wa mji, anafuata kanuni za matumizi ya nguvu za idara ipi, na anasikika kwenye mkondo upi wa redio. La redio linasahauliwa kuliko yote: askari wa CIT anaweza kuwa dakika nane tu kutoka kwenye tukio asijue, kwa kuwa mji wa pili unatumia mkondo mwingine.

Gharama nayo ihesabiwe bila kujidanganya. Ada ya darasa mara nyingi ni sifuri, kwa vile walimu wamejitolea na ukumbi ni wa chuo au wa kaunti. Fedha zinapotea kwenye kuziba pengo. Askari aliye darasani analipwa saa zake 40, na anayeshika zamu yake kwa ovataimu analipwa moja na nusu, yaani sawa na saa 60 za mshahara. Idara ikipeleka wawili ni saa 120 za ziada ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Kuna kaunti zinazotawanya kozi kuwa siku moja kila wiki kwa wiki tano ili kupunguza maumivu hayo. Darasa hupoteza mshikamano wake, na kila wiki kuna anayeitwa mahakamani akakosa siku, lakini bado ni afadhali kuliko kukata saa. Kozi ya saa 16 iliyobandikwa jina la CIT ni bidhaa nyingine. Ya saa 8 kwa askari wote inafaa sana kama msingi, mradi isiitwe kwa jina hilo.

Kuhusu nani aende, msimamo wetu ni wa Memphis ya mwanzo: anayejitolea, mwenye miaka miwili au mitatu ya doria, aliyehojiwa na ambaye faili lake la malalamiko limesomwa. Utafiti wa Michael Compton na wenzake huko Georgia ulionyesha kuwa waliojitolea hufanya vizuri kuliko waliopangiwa. Wakuu wanaolazimisha askari wote wana hoja yao, hasa kwenye idara ya watu saba, ila wajue kwamba askari wawili wasiotaka kuwepo wanaweza kuharibu maigizo ya kundi zima. Msimamizi wa zamu aliyepita kozi hiyo naye ni muhimu, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kama askari anaweza kukaa dakika 40 akizungumza na mtu mmoja wakati simu nyingine zinasubiri.

Utafiti unasema nini

Kwa maarifa, mtazamo na kujiamini kwa askari, ushahidi ni mzuri. Utafiti wa Georgia uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha askari 586 wa idara sita, 251 kati yao wakiwa na CIT, na waliofunzwa walifanya vizuri zaidi kwenye hayo na kwenye stadi za kutuliza hali. Pia walikuwa wepesi zaidi kuwapeleka watu kwenye matibabu. Kiwango cha nguvu kilichotumika, hata hivyo, hakikutofautiana kwa jumla. Uchambuzi wa tafiti kadhaa kwa pamoja uliotoka mwaka 2016 haukuona punguzo la watu kukamatwa wala la matumizi ya nguvu, na mapitio mengine ya mwaka 2019 yalifikia hitimisho la karibu na hilo.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema CIT haifanyi kazi. Sisi tunaona yanasema jambo jingine. Askari hata akiwa na stadi zote, akitumwa kwenye «fujo» bila kuambiwa kuna mgonjwa, atafika kama anavyofika kwenye fujo. Akishamtuliza mtu na hospitali ikamkalisha askari huyo kwenye kiti cha mapokezi kwa muda wa saa nne, zamu yake imekwisha, na wiki ijayo jela itaonekana rahisi. Memphis ililikata tatizo hilo kwa hospitali moja iliyokubali kila aliyeletwa na kumwachia askari arudi kazini ndani ya nusu saa. Kaunti yako ikitangaza darasa la CIT, swali la kwanza la kuuliza ni hilo: askari anampeleka wapi saa 9 usiku wa Jumapili, na anasubiri muda gani? Kama jibu ni chumba cha dharura cha kawaida, mguu mmoja haupo.

Wapokea simu nao wanahitaji mafunzo yao. Ni mafupi, mara nyingi siku moja, na yanahusu maswali ya kuuliza: ana silaha? ametumia dawa zake? ana ugonjwa gani? nini humtuliza, nini humkasirisha? Majibu hayo lazima yamfikie askari kabla hajashuka kwenye gari.

Mwisho wa kila tukio askari ajaze fomu ya ukurasa mmoja: saa ya kufika na kuondoka, nguvu iliyotumika, aliyeumia, mtu alipelekwa wapi, na kama ni mara ya pili. Kwenye darasa la kuchangia, fomu iwe moja kwa idara zote. Kila mji ukiwa na yake, takwimu hazijumlishiki, na ombi la fedha mwaka unaofuata linakosa ushahidi. Ohio wamekwenda mbele hapa. Tangu 2001 wana kituo cha jimbo kilichoko Northeast Ohio Medical University, kinachozisaidia kaunti na kutuma watu wa kaunti moja kukagua programu ya nyingine. Tunapenda mpango huo kuliko cheti chochote cha ukutani.

ICAT, kozi ya kuambatanisha

CIT ina pengo moja: haimfundishi sana askari afanye nini na mwili wake mtu akiwa na kisu, jiwe au rungu. Pengo hilo linazibwa na ICAT ya PERF, iliyotoka mwaka 2016, ambayo mtaala wake hutolewa bure. Inahusu watu walio kwenye dharura ya akili wasio na bunduki. Kiini chake ni hatua tano za kufikiri: kusanya habari, pima hatari, kumbuka sheria na kanuni za idara, chagua njia, tenda kisha upime upya. Mfumo wenyewe umetokana na ule wa polisi wa Uingereza. Juu yake kuna kanuni ya uwanjani: umbali na kinga hununua muda. Askari aliyesimama nyuma ya gari ana dakika za kuzungumza. Aliyesimama hatua tatu mbele ya kisu hana.

Kinachogongana nayo ni mazoea ya zamani. Vizazi vya askari vilifundishwa kuhusu futi 21, umbali uliotokana na makala ya Dennis Tueller ya mwaka 1983 kuhusu kasi ya mtu mwenye kisu anayekimbia kumfikia askari. Futi hizo zikawa kama mstari wa kuruhusu risasi. ICAT inafundisha kurudi nyuma na kuweka kitu katikati. Mkufunzi wa shabaha asipokaa darasani na kukubaliana na hilo, wiki inayofuata atalifuta kwenye uwanja wa risasi. Kwa idara zinazochangia mafunzo, wakufunzi wa shabaha wa idara zote wapite ICAT kwanza, kabla ya askari wa kawaida.

Louisville ndiko ilikopimwa vizuri zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, wakiongozwa na Robin Engel, waliifuatilia ilipotolewa huko mwaka 2019 na kukuta matukio ya matumizi ya nguvu yamepungua kwa asilimia 28, raia walioumia kwa 26, na askari walioumia kwa 36. Takwimu ya mwisho ndiyo ya kumwonyesha mkuu wa polisi anayesita. Hata hivyo ripoti ya Wizara ya Sheria ya Machi 2023 ililaumu vikali jinsi polisi wa jiji hilohilo walivyowashughulikia watu wenye matatizo ya akili. Mambo yote mawili yaliandikwa kuhusu idara moja, na anayepanga mafunzo ayasome pamoja.

Pengo la lugha

Hapa tunaipa kozi alama ya chini. Saa ya «utamaduni» kwenye madarasa mengi ni ya juujuu, na lugha hutajwa kwa dakika chache. Mkimbizi kutoka Kongo aliyeishi kambini miaka kumi anaweza kumwogopa mwenye sare kuliko anavyouogopa ugonjwa. Familia inaweza kumwambia askari kwamba mgonjwa ana mapepo au amerogwa, na askari asiyefundishwa akaandika kwamba familia nayo imechanganyikiwa. Dakika 45 na jopo la watu wa jamii hiyo, mkalimani akilipwa, zingerekebisha mengi.

Maigizo yawe na angalau tukio moja la kutumia mkalimani wa simu. Askari ajifunze kuweka simu kwenye spika, kumtazama mgonjwa na si simu, kusema sentensi moja kisha kungoja. Asimtumie mtoto wa nyumba kutafsiri. Aulize lugha kwa usahihi, maana Mkongo anaweza kujibu maswali ya kawaida kwa Kiswahili lakini akiwa kwenye dharura akarudi kwenye Kibembe, Kinyamulenge au Mashi, na Kiswahili cha mkalimani wa Mombasa kikampita. Idara inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika chini ya sheria ya haki za kiraia ya 1964, kifungu cha sita, kwa hiyo mjumbe wa kamati anapoliomba hili haombi fadhila.

Kwa anayepiga simu: taja herufi C-I-T mwanzoni kabisa, sema ni ugonjwa, sema kama kuna silaha au hakuna, kisha taja lugha. Asiye na hatari ya papo hapo apige 988, namba ya nchi nzima iliyoanza Julai 2022, na kuomba mkalimani wa Kiswahili. Huduma yao ya ujumbe wa maandishi haina Kiswahili, kwa hiyo iwe ni kupiga kwa sauti.

Mafunzo rejea ya CIT hayana kiwango kimoja, na kaunti nyingi huyaacha kabisa. Saa 8 kwa mwaka zinatosha, zaidi ya nusu zikiwa maigizo yanayotokana na fomu za matukio ya kaunti yenyewe. Ratiba ya mwaka wa pili iandikwe siku ileile mkataba wa kwanza unaposainiwa, kwa sababu baada ya mahafali mratibu mara nyingi hupandishwa cheo na kuhamishwa.